Sabuni ya Watu Watatu

Jongeeni, na aliyesinzia aamshwe, maana leo sitafuti wasikilizaji, natafuta waamuzi. Nina jambo limenikaa kooni, nikilimeza halishuki.

Walikuwapo watu watatu. Wa kwanza, mwanamke wa Makunduchi aitwaye Sikudhani, alikuwa na mikono: akikoroga mafuta ya nazi, unga wa mwani na karafuu, hutoka sabuni ambayo ukiiogea leo, kesho utaiulizia. Mbonea, Mpare wa Same, alikuwa na mtaji, na mtaji wenyewe ni shamba la tangawizi aliloachiwa na babake. Nyamizi wa Tabora alikuwa na ulimi: lugha ya watu akiisikia jana, leo anabishania nayo bei sokoni.

Walikutana Dar es Salaam, wakati nchi moja ya baridi, ambayo siitaji nisije nikanyimwa viza na mimi, ilikuwa inawaita watu. Leteni biashara, ilisema, njooni hata kwa ushirika, na kila mshirika atapewa ukaazi. Wakaitika.

Mbonea aliuza shamba. Bila shamba lile wasingepata hata nauli, achilia mbali jengo na mapipa. Nduguze walimnunia, na mpaka leo hawapokei simu yake.

Sikudhani alikoroga. Bila mikono yake jengo lingebaki ghala tupu. Baridi ya kule iliikataa sabuni, ikawa inakatikakatika. Akamwaga, akaanza upya, akamwaga tena, ngozi ya vidole ikambanduka, hadi akaipata.

Nyamizi alizunguka. Bila ulimi wake sabuni ingekaukia rafuni. Alifungiwa milango, akaambiwa maneno ambayo hakuwatafsiria wenzake, na kesho yake akarudi palepale akitabasamu. Hoteli zikaanza kununua, kisha hospitali.

Miaka ikapita, biashara ikachanganya. Wakaajiri wenyeji, wakalipa kodi, wakazoea hata kile chakula chao kisicho na chumvi. Hapo ndipo wakubwa wa kule walipobadili sheria, na hawakuibadili kwa watakaokuja tu; waliwarudia hata waliokwisha fika. Ushirika hautambuliwi tena. Kila biashara ina mwanzilishi mmoja, na ni yeye tu mwenye ukaazi. Awe ametoa mtaji yeye, awe na ufundi yeye, na lugha aijue yeye. Niambieni, mtu wa namna hiyo mmewahi kumwona wapi? Mimi nimezeeka na sijamwona.

Wakaitwa kuhojiwa, mmoja mmoja. Afisa aliingia akijifuta mikono, na Sikudhani akasikia harufu ya karafuu. Afisa alikuwa ametoka kunawa kwa sabuni ya Sikudhani.

"Biashara hii ni ya nani?" afisa akauliza, mkalimani akatafsiri.

Sasa, Sikudhani amelelewa katika nyumba ambayo mgeni huambiwa karibu kwako, na mtoto anayesema "changu" mbele ya wenzake hufinywa. Akajibu alivyofunzwa.

"Ya kaka Mbonea. Mimi nakoroga tu."

Mbonea naye, alipoingia, akasema, "Mwenyewe ni Bi Siku. Mimi nilichangia kidogo." Na Nyamizi akasema, "Ni ya wakubwa zangu hao. Mimi wananituma tu."

Huku kwetu, ukisikia majibu hayo unajua umekutana na watu walioshibana. Afisa yeye akaamua kwamba biashara haina mwenyewe. Watatu wote wafungashe, isipokuwa kama kufikia Ijumaa watamtajia jina moja, naye ataliandika kana kwamba huyo mmoja ana yote matatu.

Sikudhani alitoka pale hajafunga hata koti. Walimwita kwa adabu, akaja kwa adabu, na sasa adabu yake ndiyo imemtia hatiani. Aliona ameibiwa mchana, na mwizi amevaa tai.

Jioni walikaa kiwandani kushauriana.

"Aandikwe Bi Siku," alisema Mbonea. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini mimi sina pa kurudi, dada. Shamba nililiuza. Lilikuwa langu."

"Na wateja?" Nyamizi akasema taratibu. "Mwanangu amezaliwa hapa, kaka. Anasoma hapa, lugha nyingine haijui vizuri. Wale wateja ni wangu."

"Mikono ni yangu," Sikudhani akajisikia akisema. "Mama yangu anakula kwa mikono hii."

Walitazamana. Miaka yote ile neno hilo la "changu" halikuwahi kutamkwa baina yao, na sasa limetamkwa na wote watatu. Sikudhani aliona aibu, kisha akaona hasira, kwa sababu aibu ile haikuwa yake. Ilikuwa ya waliokaa mezani wakatunga sheria ya kuwagombanisha watu ambao hawakuwa na ugomvi.

Ijumaa ikafika. Mbonea na Nyamizi wakamwambia Sikudhani, "Wewe ndiye mkubwa wetu. Utakalosema, tumeridhika." Wakamwachia mzigo, wakakaa benchini nje. Yeye akaingia. Afisa ameshika kalamu, anasubiri jina.

Amtaje Mbonea, aliyeuza asichoweza kukinunua tena? Amtaje Nyamizi, ambaye mwanawe hana kwao pengine? Ajitaje mwenyewe, kwani bila yeye hakuna sabuni, na mamake alale ameshiba? Au asimtaje yeyote, wapande ndege wote watatu, na nchi ile ibaki na mapipa yake matupu?

Msiniambie ataje wote watatu. Jibu hilo ndilo la haki, na ndilo lililokatazwa.

Haya, waamuzi, nawasikiliza. Ungekuwa wewe ndiye Sikudhani, ungetaja jina la nani? Na kabla hujanijibu, niambie kwanza: ukifungua mlango utoke, utawaambia nini wanaokungoja benchini?