Mheshimiwa Kiboko Arudia Ahadi za Ubatizo

Hapo zamani za kale, maaskofu walipokuwa bado na manyoya, jimbo moja liliongozwa na Askofu Pimbi. Mnacheka nini, wanangu wa kipaimara? Pimbi, ndiyo! Yule mnyama wa mawe, mdogo kama paka, hata mkia hana. Akivaa ile kofia ndefu ya kiaskofu, mnaona kofia tu inatembea. Lakini akili iliyokuwa chini ya kofia hiyo, jamani, acheni tu.

Mkubwa wa nchi ile alikuwa Mheshimiwa Kiboko. Siku moja akalizungushia bwawa boma la miiba, akatangaza, "Maji haya ni ya serikali!"

"Serikali ndiyo nani?" wanyama wakauliza.

"Ndiyo mimi!"

Basi yeye na wapambe wake, Nyumbu, wakawa wanaoga humo kutwa, chubwi! chubwi! Wenzao huku nje wanalamba umande kwenye majani.

Asubuhi moja Mama Kwale akabisha hodi kwa Askofu, vifaranga wake nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu."

"Milele na milele, amina. Mbona sauti imekauka hivyo, mama?"

"Maji, Baba. Watoto wamelamba umande mpaka umande wenyewe umekwisha. Huyu kitinda mimba jana alianguka, pu! Nikajua ndiyo nimempoteza. Ninyi msiposema, atasema nani?"

Akaangua kilio. Askofu naye machozi yakamlengalenga.

Padri Mbuni, makamu wa Askofu, akadakia, "Baba Askofu, hayo mambo ni ya siasa! Sisi tusali tu." Akachomeka kichwa mchangani asali vizuri.

"Padri, toa kichwa ninaposema nawe," akasema Askofu. Akapandisha kanzu, huyoo, mpaka bwawani.

"Mheshimiwa, nimekuja kukuomba ufungue bwawa. Watoto wanakufa kwa kiu."

Kiboko akapiga mwayo, haaa! Kofia ya Askofu nusura iingie mdomoni.

"We pimbi we! Kazi yako ni sala. Usichanganye dini na siasa!"

"Usichanganyeee!" wakaitikia Nyumbu. Hawakujua kinachosemwa, lakini kuitikia ndiyo kazi yao.

Askofu akageuka aende zake. Hajafika mbali akasikia, "Psst! Baba Askofu! Hebu rudi kidogo."

"Naam, Mheshimiwa."

"Uchaguzi si umekaribia? Jumapili naomba nafasi pale mbele nisalimie waumini."

Mmemsikia lakini? Dini isiguse siasa, ila siasa inataka kipaza sauti cha kanisa! Mimi mtu wa namna hiyo ananichefua, lakini Askofu Pimbi hakununa. Alijikuna sikio.

"Karibu sana. Ila kwangu, anayesimama mbele huanza kwa kurudia ahadi zake za ubatizo, kwa sauti, watu wote wasikie."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Askofu si mimi?"

Kiboko akaanza kutokwa jasho humo humo majini. Tangu abatizwe hakukanyaga tena kanisani, na siku ile ya ubatizo alikuwa amekalia kisima cha ubatizo kikapasuka, paa!

"Baba Askofu, nitaaibika. Nipe majibu basi."

"Majibu ni mepesi. Mimi nauliza, wewe unajibu, 'Nakataa!' Nikigonga fimbo chini, ko! unabadilisha, 'Nasadiki!'"

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Ila jibu upesi na kwa nguvu. Ukisitasita watasema Mheshimiwa dini haijui."

Wiki nzima Kiboko akawa anakariri bwawani. "Nakataa! Nakataa! Ko! Nasadiki!" Nyumbu wanapiga makofi. Maswali yenyewe hakuyauliza hata kidogo. Kama wewe Kaspari hapo, ulipoulizwa na Baba Askofu wetu jina la mama yako, ukajibu, "Mungu Baba." Usijifiche nyuma ya Oresta, nakuona!

Jumapili kanisa likafurika. Kwaya ya Vyura ikaimba, krooo, krooo, ingawa makoo yalikuwa makavu. Kiboko akaingia na suti mpya. Alipopiga goti suruali ikasema, chraaa! Waumini wakainamisha vichwa kama wanaosali, kumbe wanacheka. Mama Kwale yeye hakucheka. Alikuwa amempakata kitinda mimba wake aliyelegea.

Baada ya matangazo, Askofu akapanda juu ya kigoda.

"Je, wamkataa Shetani?"

"NAKATAA!" Madirisha yakatetemeka.

"Na fahari zake zote?"

"NAKATAA!"

Vigelegele! Kiboko akanogewa, kifua akakitoa mbele.

"Na ubinafsi?"

"NAKATAA!"

"Na boma la miiba linalowanyima watu maji?"

"NAKATAAAA!"

Padri Mbuni akatafuta mchanga pale sakafuni, akakosa. Kisha makofi yakalipuka, na waliopiga zaidi ni wale wale Nyumbu.

Ko!

"Je, wasadiki kwamba bwawa ni la wote?"

"NASADIKI!"

"Wasadiki kwamba Nyumbu wako wanakwenda kulibomoa boma sasa hivi?"

"NASADIKI! SANAAA!"

Weee! Nyumbu hawangoji kuambiwa jambo mara mbili. Tifu, tifu, tifu! Mlango nusura ung'oke nao. Waumini nyuma yao, Vyura nyuma ya waumini, na Mama Kwale akawapita wote na mtoto wake kifuani.

Kiboko alikuwa amefumba macho, anafurahia kelele. Akajikohoza. "Ehem! Sasa naweza kusalimia?"

"Salimia tu, Mheshimiwa."

Akafumbua macho. Mabenchi matupu.

"Wamekwenda wapi?"

"Wamekwenda kunywa maji uliyowafungulia."

"Nani, mimi?" Hapo ndipo yale maswali yakamrudia kichwani, moja baada ya jingine. "Pimbi! Umenichezea! Umeingiza siasa kanisani!"

"Siasa imeingia na wewe, Mheshimiwa, kupitia mlango ule pale. Mimi nimeibatiza tu."

Kiboko akatoka mbio, gudu, gudu, gudu, suruali inapepea nyuma. Alipofika, boma limelala chini, wanyama wanakunywa, na kifaranga kitinda mimba amesimama majini, maji yanamdondoka mdomoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa!" kifaranga akapaza sauti. "Asante kwa maji!"

"Mheshimiwa oyeee!" umati ukaitikia.

Kiboko akafungua mdomo awafukuze. Akawatazama wapiga kura wote wale. Akaufunga. Akameza mate, gulu!

"Marahaba, mwanangu," akasema kinyonge. "Nasadiki."

Basi wanangu, anayekariri majibu bila kusikiliza maswali, hufungwa na mdomo wake mwenyewe.