Kamba ya Mbuzi wa Fainali

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, bali ni juzijuzi tu binadamu walipokuwa wakisema kupita kiasi, kulikuwa na vyuo viwili katika mji mmoja: Chuo cha Ualimu Kisimani na Chuo cha Kilimo Mabondeni. Ualimu walijua kila kitu. Kilimo walijua mpira. Kila mwaka walikutana fainali, na kila mwaka Ualimu walikuwa na maelezo mazuri sana ya kwa nini wamefungwa.

Vyuo hivyo vilikuwa na desturi yao. Kila fainali ilikuwa na mbuzi, na waliofungwa ndio waliompeleka mbuzi huyo kwa washindi, kwa miguu, katikati ya soko, saa ambayo soko limefurika. Lakini hakupelekwa na yeyote tu. Mashabiki walikaa kikao, wakamtafuta aliyesababisha wafungwe, wakamkabidhi kamba. Na aliyeshika kamba ya mbuzi hakushika tena kitu chochote cha timu. Kama ni mchezaji, alivua jezi. Kama ni shabiki, hakushika bendera, hakushika filimbi, hakushika ngoma, mpaka amalize chuo. Kilimo nao, kwa upole wao, walimtuma aliyefunga goli aje kumsindikiza mbuzi njia nzima, ili uchungu ukolee vizuri.

Pale Ualimu palikuwa na binti aitwaye Sikudhani. Mwaka wake wa kwanza aliomba apige ngoma ya mashabiki, akaambiwa wanawake huimba. Akaimba. Mwaka huo huo mpiga ngoma akapata kamba ya mbuzi, ngoma ikabaki haina mwenyewe, na Sikudhani akaichukua kabla wanaume hawajamaliza kujadili nani anafaa. Siku ya kwanza alipoipiga, watu wote waliinuka. Tangu hapo Sikudhani aliipenda ngoma ile kuliko timu yenyewe, na hilo hakumwambia mtu.

Aliyekuwa akiitamani sana ngoma hiyo ni Kandoro. Kandoro alikuwa mchambuzi. Hakuwahi kugusa mpira ila siku ulipomgonga, lakini alichambua mechi kabla hazijachezwa, na zikichezwa vingine alisema wachezaji ndio waliokosea. Chuo kizima kilimheshimu, maana kumbishia kulichosha.

Basi alasiri ya kuamkia fainali, mashabiki walikuwa mgahawani kwa Mama Chiku, ng'ambo ya geti la chuo, wakifanya kazi waliyoiweza kuliko zote. Walikuwa wakibishana. Huyu anasema beki wa kulia ni mzito. Yule anasema si mzito, ni mtulivu. Huyu anasema Kilimo wana mshambuliaji mpya, hajapata kuonekana. Yule anasema asiyepata kuonekana hana cha kuonyesha. Chai zilipoa.

Kandoro akagonga meza. "Jamani, mnapoteza muda. Fainali hii ina mtu mmoja tu, naye ni Lusajo wetu golini. Nusu fainali kadaka penalti tatu. Nani mwingine?"

Kwenye kona aliketi kijana mgeni, kofia imemfika kwenye nyusi, ndala miguuni, anakunywa chai yake taratibu. Akasema bila kuinua kichwa, "Bahati tu hiyo, kaka."

Lo! Mwambie Kandoro kwamba mama yake hajui kupika, atakusamehe. Usimwambie bahati.

"Bahati? Wewe umetokea wapi? Lusajo ana siri yake! Haangalii mpira, haangalii macho. Anaangalia mguu ule mpigaji anaosimamia. Kidole gumba kikielekea kushoto, Lusajo anaruka kushoto. Kikielekea kulia, anaruka kulia. Hakosei!"

"Siamini," alisema mgeni, akaomba chai nyingine.

Sikudhani alikuwa ameketi na ngoma yake katikati ya magoti. Akaitazama ile miguu ya mgeni ndani ya ndala. Kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi, zimekufa zote mbili, na kuanzia kwenye kifundo mpaka chini ya goti ngozi ilikuwa imepauka kwa soksi. Si miguu ya mtu anayekunywa chai tu. Ni miguu ya mchezaji, na wachezaji wa Ualimu Sikudhani aliwajua wote.

Basi huyu ni wa Kilimo. Sasa nyinyi mnaosikiliza mtasema, si angepiga kelele tu? Angeweza. Lakini wiki ile ile Kandoro alikuwa amemwambia mbele za watu, "Dada, wewe piga ngoma, mpira tuachie sisi." Sikudhani akaona ajitahidi kuwa mwerevu. Akaona amdanganye mgeni, aokoe timu, na Kandoro ashindwe mabishano, yote kwa sentensi moja.

"Mwongo huyo," akasema. "Lusajo haangalii mguu hata kidogo. Anaangalia macho ya mpigaji. Muda wote ni macho."

"Mguu!" alifoka Kandoro.

"Macho!"

"Mguu, dada! Mguu! Nimefuatilia mechi zote!"

"Na mimi nimekaa nyuma ya goli mechi zote. Macho!"

Mgahawa ukagawanyika. Nusu wakawa watu wa mguu, nusu wakawa watu wa macho, na wengine wachache wakasema ni dua. Pengine jambo lingeishia hapo, mgeni aondoke na kichwa kilichovurugika. Lakini nani akaingia? Lusajo mwenyewe, kipa, amefuata maandazi.

"Huyo hapo!" akasema Kandoro. "Lusajo, waambie. Mguu au macho?"

Sikudhani akamkonyeza. Akamkanyaga kidole. Akatikisa kichwa. Lusajo alikuwa kijana mwaminifu, na hakuzoea kukonyezwa. Akavimba kifua, akaona leo ndiyo siku ya kumwonyesha dada huyu yeye ni nani.

"Ni mguu," akasema. "Na nikitaka nitawaonyesha."

Akasimama mlangoni, akatandaza mikono, akaomba chungwa. Nani wa kupiga? Mgeni akajitolea, mtu wa watu. Akapiga chungwa la kwanza, Lusajo akadaka. Akapiga la pili, Lusajo akadaka. La tatu, akadaka huku anacheka, na muda wote macho yake hayakupanda juu ya magoti ya yule mtu. Mama Chiku akauliza nani atalipia machungwa. Mgeni akalipa, akalipa na chai za wote, akashukuru, akaenda zake.

"Umeona?" Kandoro alimwambia Sikudhani. "Mguu."

Wakampigia makofi. Na kweli, alikuwa ameshinda. Shabiki akishashinda mabishano, mechi yenyewe ni nyongeza tu.

Sikudhani angeweza kusema hata wakati huo. Alifungua mdomo, akawaona wanavyomcheka, akaufunga.

Siku ya fainali ikafika. Kilimo wakaingia uwanjani na mshambuliaji wao mpya, jina lake Maduhu, kichwa wazi, hana kofia. Kandoro alimtambua kabla filimbi haijapulizwa. Akajisemea kwamba watu hufanana, akahamia upande mwingine wa jukwaa ambako jua lilikuwa likimpiga machoni, asione vizuri. Lusajo hakumtambua, maana Lusajo alikuwa mtu wa miguu, na miguu ile sasa ilikuwa ndani ya njumu.

Wakacheza. Hawa wakashambulia, wale wakaokoa. Wale wakashambulia, hawa wakaokoa. Ngoma ya Sikudhani haikupumzika, alikuwa nyuma ya goli la Ualimu, viganja vinawaka moto. Zikabaki dakika za mwisho, hakuna aliyefungwa. Ndipo beki wa kulia, yule mzito au mtulivu, akamkwatua mtu ndani ya boksi. Refa akanyoosha mkono. Penalti.

Maduhu akauchukua mpira.

Sikudhani akaacha ngoma. Akasogea mpaka kwenye wavu, akaita, "Lusajo! Lusajo, sikia! Huyo ndiye wa machungwa! Anaijua siri yako. Atakudanganya kwa mguu, usiufuate!"

Lusajo akageuka, akamtazama. Akarudi kwenye mstari wake akiwa na kitu ambacho hajawahi kuwa nacho golini, yaani mawazo.

Uwanja ulikuwa kimya. Maduhu akaja. Mguu wa kusimamia ukatua, kidole kinaelekea kushoto kwa Lusajo, wazi kabisa, hata mtoto angeona. Lusajo akajiambia, huu ndio uongo wenyewe. Akaruka kulia. Mpira ukaenda kushoto, tena polepole, ukaingia kama mtu anayerudi kwake.

Kesho yake asubuhi kikao kikakaa pale pale golini. Mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya goli, anautafuna wavu. Mwenyekiti wa mashabiki, bwana Chilongola, akaitupa kamba ya kumwongozea katikati ya duara. Habari za mgahawani zilikuwa zimeshajulikana, maana Mama Chiku alizisema zote, na habari za zile kucha Sikudhani alizieleza mwenyewe. Maduhu naye alikuwa amefika kumsindikiza mbuzi wa chuo chake, kakaa pembeni kwa adabu.

"Kandoro," akasema Chilongola, "kamba hii ni yako. Wewe ndiye uliyemwaga siri."

"Kamba hii si yangu," akasema Kandoro. "Siri niliitoa, kweli. Je, ilitumika? Mguu ulielekea kushoto, mpira ukaenda kushoto. Lusajo angefuata nilichosema, angedaka. Siku hizi mtu anafungishwa safari na mbuzi kwa kusema sahihi? Mpeni dada. Aliona kucha, akajua ni adui, akakaa kimya. Halafu siku ya kunyamaza akasema."

"Sikudhani," akasema Chilongola, "kamba hii ni yako."

"Kamba hii si yangu," akasema Sikudhani. Aliogopa. Ngoma ilikuwa miguuni pake, na Kandoro alikuwa ameshaiegemea kwa kiwiko, anajaribu ngozi kwa vidole viwili. "Nilinyamaza, nakiri. Niliona haya kuchekwa. Lakini Kandoro asingesema, ningekuwa na nini cha kuonya? Naye alimtambua uwanjani, akakimbilia juani. Mimi nilikwenda kwenye wavu. Nimekosa kwa kutaka kuokoa, yeye amekosa kwa kutaka kusifiwa. Na Lusajo? Nilimkonyeza, nikamkanyaga, akaomba chungwa!"

"Lusajo," akasema Chilongola, "kamba hii ni yako."

"Kamba hii si yangu," akasema Lusajo. "Mimi nilifuata maandazi. Wameniuliza ukweli, nimesema ukweli. Na kuhusu kukonyezwa, jamani, mimi nilielewa vingine." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Golini nilikuwa na njia yangu. Dada kaniita, dada anaijua timu, nikamwamini. Kumwamini shabiki ni kosa?"

"Ndiyo!" wakajibu mashabiki wote kwa pamoja, na hawakuona tatizo lolote.

Hapo Maduhu akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, ndugu zangu. Mimi si wa kikao hiki, nimefuata mbuzi tu. Lakini nisipolisema hili litanisumbua. Mimi nilipanga kumdanganya. Niliufanyia mazoezi kabisa, mguu kushoto, mpira kulia. Nilipouweka mpira chini, ngoma ilikuwa inalia, nami nahesabu hatua zangu kwa ile ngoma. Mara ikanyamaza. Ule ukimya ukanifuta kichwa chote, mpango sikuuona tena. Nikapiga tu, kama mtu yeyote. Dada asingeacha ngoma, ningemdanganya kipa wenu. Alipoiacha, goli nilishalikosa, maana kipa wenu angeufuata mguu, akadaka. Sijui alimwambia nini huko kwenye wavu, ila hicho ndicho kilichonipa goli."

Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea na wavu. Ualimu, watu wa maelezo, hawakuwa na maelezo.

Sikudhani akamtazama Maduhu, akatazama viganja vyake vilivyochubuka. Kwa hiyo ngoma yake ilipokoma ndipo ilipoiokoa timu, na mdomo wake ndio ulioirudisha shimoni, na vyote viwili vilikuwa vyake. Akatamani kulia, akajizuia, kwa sababu Kandoro alikuwa akitazama.

Chilongola akaiokota kamba. Kule sokoni kelele zilikuwa zimeanza, habari za mbuzi zimewafikia, wauza nyanya wamepanga viti mbele kabisa. Kandoro kiwiko bado kiko juu ya ngoma. Lusajo anavuta vuta ukosi wa jezi. Sikudhani mkono wake mmoja ameuweka juu ya ngoma, karibu na kile kiwiko, na wa pili haujui uende wapi.

Chilongola hataki lawama, ni mwenyekiti. Kamba ameileta kwenu. Haya, mmoja alisema akashinda mabishano, mmoja alinyamaza kisha akasema, mmoja alionyesha kisha akaamini. Soko limejaa na mbuzi anangoja. Je, mnampa nani kamba, na ngoma ile leo jioni inalala kwa nani?