Sauti Mbili Katika Kofia ya Hondohondo

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Ngano hii haiwataki walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Hayo sasa ndiyo maitikio. Na wewe Shekue, unayesomea uwakili huko mjini, usijifiche nyuma ya mama yako. Sogea mbele. Hii ni yako kabla ya kuwa ya watoto.

Hapo zamani za kale, mlima wetu huu ukiwa msitu mtupu, wanyama walikuwa na mahakama. Na mahakama ile ilikuwa na desturi ya kutisha kidogo. Mwenye kesi hakujisemea. Alimkabidhi wakili sauti yake.

Aliikabidhi vipi? Mnamjua Hondohondo, ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa. Juu ya mdomo ana kofia ngumu, tupu ndani. Basi mwenye kesi alimsogelea, akafungua kinywa, akapumua: haaaa. Sauti ikatoka, ikaingia kwenye kofia, ikalala humo. Tangu hapo mwenye kesi alikuwa bubu mpaka hukumu isomwe. Ikishasomwa, wakili humrudishia sauti yake, kila mtu akaenda zake.

Sheria ilikuwa fupi: kesi moja, kofia moja, sauti moja. Na kabla ya kusema, wakili aligonga kofia yake kwenye jiwe la mahakama. Kumm! Mlio mmoja, sauti moja. Wote wakasikia, wote wakaridhika.

Basi alikuwepo Bi Paa, paa mdogo wa msituni, miguu kama vijiti. Alikuwa na mtoto mmoja, naye alimficha ndani ya kichaka cha miiba karibu na chemchemi. Paa hakai na mtoto kutwa. Humficha, huenda kula, akirudi humwita. Na mtoto yule hakutoka kwa harufu, hakutoka kwa kishindo cha miguu. Alitoka kwa sauti ya mama yake tu:

"Mwanangu wa majani, toka, nimerudi.
Ulimi ule ule, maziwa yale yale."

Kisha alimfundisha jambo jingine. "Ukisikia ssss, kimbia. Usitazame nyuma. Vuka mto, wala usirudi, hata ukiitwa."

"Hata ukiniita wewe, mama?"

"Hata mimi."

Siku moja Chatu akaja. Shwaa, shwaa, shwaa. Akakizunguka kichaka. "Hiki changu," akamwambia Bi Paa. "Twende mahakamani."

Sasa watoto, mimi nawauliza. Chatu haingii kwenye miiba, ngozi yake ingechanika. Kichaka cha miiba alikitakia nini? Eh? Hamjui. Hata Hondohondo hakujua, maana hakuuliza.

Bi Paa akaenda kwa Hondohondo. "Wakili, mimi sina pembe, sina meno. Nina sauti hii tu. Ikipotea, mwanangu hatatoka kwa mwingine, atakufa na njaa mle ndani."

"Bi Paa," akasema Hondohondo, "kofia yangu ni kaburi. Kilichoingia hakisikiki nje."

Bi Paa akapumua: haaaa. Akaondoka kimya.

Hondohondo akaruka kurudi nyumbani. Vuu, vuu, vuu. Mkewe alikuwa ndani ya tundu la mti, amezibiwa humo kwa udongo pamoja na makinda yake, kama ilivyo ada yao. Ncha ya mdomo tu ndiyo iliyoonekana. Na mti ule, jamani, ulikuwa umezungukwa na Chatu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Mti mzuri, wakili," akasema Chatu. "Upo kwenye eneo langu. Nami nina kesi."

"Kesi na nani?"

"Na Paa."

"Ya Paa ninayo mimi."

"Najua."

Ndani ya mti mkewe akagonga: tak, tak. Anataka kula. Hajui kilichomzunguka.

Mimi simlaumu kwa kuogopa. Nani asiyeogopa akiona mke na watoto wamezungukwa? Lakini mabawa alikuwa nayo! Angeruka mpaka kwa hakimu, aseme: "Nimebanwa, kesi hii siiwezi, Bi Paa apewe wakili mwingine." Hakusema. Alijiambia, "Nitawasemea wote wawili vizuri. Nani atajua?" Alijua fika kwamba mshika mbili moja humponyoka. Alidhani methali ni za wengine.

Akafungua kofia. Chatu akapumua: ssss. Ya pili ikaingia.

Tangu saa ile Hondohondo hakupata usingizi. Alisikia ndani ya kofia sauti ya Chatu ikijizungusha taratibu kwenye sauti ya Paa. Ikizunguka na kubana. Na sauti ya Paa, kwa woga, ikinong'ona maneno yake ya siri: "Mwanangu wa majani… mwanangu wa majani…" Hondohondo akatikisa kichwa. Ikanong'ona tena. Hakumwambia mtu.

Siku ya kesi ikafika. Jua la utosi, vivuli vimeingia chini ya miguu. Hata nzi hakulia. Hakimu Mbega akaketi na joho lake la manyoya, jeusi na jeupe. Bi Paa bubu upande huu, Chatu bubu upande ule.

"Wakili, gonga."

Hondohondo akagonga. Kumm. Kumm.

Mbega akainua nyusi. "Nasikia mbili."

"Ni mwangwi, mheshimiwa."

Mbega akatafuta kwa macho jabali la kurudisha mwangwi. Jabali halikuwapo karibu. Wanyama wote walisikia mbili. Lakini jua lilikuwa kali, nao walitaka kwenda kwao. "Haya, sema."

Hondohondo akasema kwa sauti ya Paa. Alisema kichaka ni cha Paa. Alisema polepole, kama anayeomba radhi. Hoja nzito alikuwa nayo, kwamba Chatu haingii kwenye miiba. Ikamfika ulimini. Akawaza ule mti, akaimeza. Bi Paa alikuwa akimtazama machoni, anangoja hoja ile, hawezi kuitamka. Machozi yakamtiririka. Kisha Hondohondo akasema kwa sauti ya Chatu, wala hakuna aliyepinga, na ile haikuomba radhi kwa mtu.

"Kichaka ni cha Chatu," akahukumu Mbega. "Paa, mtoe mwanao kabla jua halijainama. Wakili, rudisha sauti."

Hondohondo akafungua kofia. Sauti zilikuwa zimesokotana, haijulikani ipi ni ipi. Akatikisa. Moja ikamwingia Paa. Nyingine ikamwingia Chatu, aliyekuwa amekaa karibu mno, kinywa wazi, akingoja.

"Asante, wakili," akasema Chatu. Kwa sauti ya Bi Paa! "Kichaka sikukitaka. Nilichotaka ni hii."

Akateleza. Shwaa, shwaa, shwaa.

Bi Paa akamsihi Mbega kwa macho, bure; Chatu alipokwisha kutangulia ndipo akakimbia. Alipofika chemchemini alisikia sauti yake mwenyewe, tamu, ikiita mbele ya kichaka:

"Mwanangu wa majani, toka, nimerudi.
Ulimi ule ule, maziwa yale yale."

Majani yakatikisika. Pua ndogo ikatokeza. Mguu mmoja. Wa pili. Bi Paa alitaka kupiga kelele, "Rudi!" Kooni hakuwa na neno hilo. Alikuwa na kitu kimoja tu, naye alijua kitamgharimu nini. Akafungua kinywa:

"SSSSSS!"

Mtoto akaruka. Hakutazama nyuma. Akapita kando ya mama yake bila kumtambua, akavuka mto, akapotea. Chatu akauma hewa. Mtoto alipona, jamani. Na mama alimkosa.

Sauti ya Paa haikukubali kukaa kwa Chatu. Ilimtoka, ikarudi kwenye kofia ilikokabidhiwa. Hondohondo akaja mbio, "Ichukue, Bi Paa, ichukue!" Paa akafungua kinywa. Ssss ilikuwa imeshakaa, haikutoka. Mpaka leo paa akishtuka hupuliza pua, fssss. Mbega aliona haya, akapanda mtini, na chini hashuki ovyo. Chatu ni bubu. Na Hondohondo huzunguka juu ya miti akiita kwa sauti isiyo yake, waaa, waaa, kilio kama cha binadamu. Anamwita yule mtoto. Mtoto anasikia. Lakini alifundishwa.

Funzo ni hili: aliyekukabidhi sauti yake amekukabidhi mwanawe. Ukibanwa pande mbili, sema mapema, ujitoe. Na mkisikia kumm mbili, msikubali kuambiwa ni mwangwi. Umesikia, Shekue?

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeirudisha kwa wenyewe kama nilivyopewa. Nendeni mkalale. Na kilio kile kikiwafikia kutoka mlimani, msikiitikie.