Mayai ya Bi Yustina

"Ukicheka swali, utalia na kimya." Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Ninyi mnaitamka kama utani, lakini waliokuwepo siku ile hawakuwa na la kucheka. Methali hii ilianza hivi.

Njombe palikuwa na darasa la jioni la kompyuta, na mwalimu wake akiitwa Lusungu, kijana mwenye kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alifundisha Python, lugha ya kuandikia kompyuta maagizo. Mezani kwake aliweka kengele ya mbuzi. Mtu akiuliza jambo la mwanzo kabisa, ambalo Lusungu aliona ni aibu kutolijua, kengele ililizwa na darasa zima likaangua kicheko. Yeye alidhani anawachangamsha.

Darasani humo alikuwamo Bi Yustina, mama wa makamo. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umemmalizia kuku wote, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Yalibaki mayai tu. Basi darasa lilipounda kasha la kutotolea vifaranga, lenye kupashwa joto kwa taa, akaomba aandike maagizo yake kwa mkono wake mwenyewe: joto likipita nyuzi thelathini na saba, taa zizime, likishuka, ziwake. Lusungu alimkubalia kwa moyo mkunjufu.

Siku moja Bi Yustina akanyoosha mkono. "Mwalimu, mashine inakataa kulinganisha namba ya kipimajoto na hii thelathini na saba yangu. Inasema moja ni neno, nyingine ni namba. Sasa namba inakuwaje neno?"

Lilikuwa swali zuri, na Lusungu angelijibu kwa maneno mawili. Lakini aliwatazama vijana, akaona wanamsubiri, akaitikisa kengele.

"Mama, hilo ni swali la wiki ya kwanza hilo!"

Vijana wakacheka wakashika mbavu. Bi Yustina naye alicheka kidogo, akashusha mkono. Hakuuliza tena.

Alihangaika peke yake. Kwa kuwa mashine ilitaka vitu viwili vya aina moja, aliifungia 37 yake ndani ya alama za nukuu, nayo ikawa neno kama mwenzake. Mashine ikaacha kulalamika. Taa zikawa zinawaka na kuzima vizuri, akaweka mayai yake na kumshukuru Mungu.

Jumamosi umeme ukakatika. Baridi ya Njombe ya mwezi wa saba mnaijua. Uliporudi Jumapili, kasha lilikuwa limepoa hadi nyuzi tisa. Sasa, maneno mashine huyapanga kama kamusi, kwa kuanzia alama ya kwanza. Na tisa huja baada ya tatu. Ikaona 9 imeipita 37. Ikaamini mayai yanaungua, ikaziacha taa zimezimwa. Jumapili hakuna aliyeingia darasani, na Jumatatu waliyakuta mayai yamepoa kama mawe ya mtoni.

Lusungu alisoma maagizo, akaliona kosa pale pale.

"Mama, mbona hukuniuliza?"

"Niliuliza, baba."

"Lini?"

Bi Yustina alikuwa akiyapanga mayai kikapuni taratibu, kama mtu anayeogopa kuyavunja. Hapo Lusungu akakumbuka, na uso ukamshuka.

Jioni alimfuata kwake kumwomba radhi. Alikaribishwa vizuri, akapewa chai.

"Sina kinyongo nawe," Bi Yustina alimwambia. "Ila darasani sirudi. Kitu cha mama nilichokuwa nimebaki nacho ni kile, na mimi ndiye niliyekiua kwa kuona haya."

"Niliyekutia haya ni mimi, mama."

"Ndiyo, baba. Kunywa chai."

Lusungu alirudi kufundisha, na mchezo ule akaukomesha. Alieleza somo jipya, gumu, kisha akauliza, "Nani hajaelewa?" Hakuna mkono ulioinuka. Aliwajua, nusu yao hawakuwa wameambulia kitu. Akauliza tena, safari hii akibembeleza. Waliinamisha macho, kila mmoja na swali lake kifuani, na kila mmoja akimwogopa jirani yake. Lusungu akakaa kitini, machozi yakamtoka mbele ya wanafunzi wake, wala hakuyafuta.

"Ukicheka swali," akasema, "utalia na kimya."