Mlango Ambao Mzee Lemueli Hakuufunga

Imepokewa katika habari za watu wema wa zamani kwamba katika nchi ya Amerika, enzi ambazo watu wa mashambani walikuwa bado wanafyeka misitu ili wapate pa kulima, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Yerusha. Mumewe, Asaheli, alikuwa mtu mpole asiyejua kumkatalia mtu, hasa kaka yake Henoko. Kwa miaka kumi na tisa Yerusha na mumewe waling'oa visiki, wakajenga ukuta wa mawe, wakapanda mahindi na miti ya matofaa. Hawakuruzukiwa mtoto. Majira ya baridi ya mwaka wa ishirini, mti aliokuwa akiukata Asaheli ulimwangukia, akafariki kabla hajafikishwa nyumbani. Mungu amrehemu.

Sheria ya nchi ile ilimpa mjane haki mbili. Alikaa katika nyumba ya marehemu siku arobaini bila kubughudhiwa, kisha akakatiwa theluthi ya ardhi aitumie mpaka kufa kwake. Hata mume akiuza shamba angali hai, theluthi ile haikuondoka mpaka mke mwenyewe aridhie. Na ili ijulikane kwamba ameridhia kweli, hakimu alitakiwa amchukue kando, mume asiwepo, amsomee hati na kumuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Theluthi ni kidogo kwa mtu aliyelima shamba zima. Lakini hata hicho kidogo kulikuwa na watu waliokitamani.

Siku ya kumi na mbili ya msiba, Henoko aliingia na karatasi mkononi, kofia ikiwa bado kichwani.

"Shemeji," alisema, "marehemu aliniuzia shamba hili lote miaka mitano iliyopita, nikamwacha alilime mpaka kufa kwake, na wewe uliridhia. Tazama alama yako. Arobaini ikiisha, uwe umeshapata pa kwenda."

Yerusha hakujua kusoma hati, lakini msalaba ule uliopinda mguu, ambao ndio sahihi yake, aliujua. Akaikumbuka siku yenyewe. Alikuwa akikanda unga wa mkate, Asaheli akaingia na Henoko pamoja na Mzee Lemueli, hakimu wa kijiji, mabega yao meupe kwa theluji. Aliambiwa karatasi inahusu mpaka wa shamba upande wa kijito. Hakuna aliyemsomea. Alifuta mikono kwa aproni, akachora alama, akarudi kwenye unga wake. Mzee Lemueli hata hakukaa.

Hasira ilimpanda. Alimkasirikia Henoko. Alimkasirikia Lemueli, ambaye kila Jumapili aliwasomea waumini Maandiko. Na lililomuuma kuliko yote, alimkasirikia marehemu, aliyeula mkate ule bila kumwambia neno.

Dada mdogo wa Yerusha, Zipora, alikuja kumfariji, naye alikuwa na shauri lake.

"Dada, nenda mahakamani ukane. Msalaba ni msalaba tu, nani atathibitisha kwamba ni mkono wako? Henoko ni mnyang'anyi, kila mtu anajua. Mungu hatakuhesabia dhambi."

"Nimeshalisema hilo moyoni mara mia," Yerusha akajibu, "na linanoga. Lakini wao ndio walioandika uongo. Nikiuongezea na wa kwangu, nitawashtaki kwa lipi mbele ya Mungu?"

"Na ukifukuzwa?"

"Nitafukuzwa nikiwa na hasira yangu ya haki. Sitaki waninyang'anye na hiyo."

Siku ya kesi ilipofika, mahakama ya wilaya ilijaa. Mzee Lemueli aliketi mbele. Alikuwa amejiandaa kuapa jambo moja tu, kwamba alimwona mwanamke huyu akichora alama. Hilo lilikuwa kweli, na alitumaini kwamba likishaapiwa, mengine hayataulizwa.

"Bibi," jaji alisema, "alama hii ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa. Niliichora mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono."

Watu walinong'ona. Zipora alifunika uso kwa viganja. Henoko aliegemea kiti chake akatulia.

"Basi unalalamikia nini?"

"Nalalamikia kwamba sikuulizwa. Hati inasema nilichukuliwa kando, nikasomewa, nikaridhia. Nyumba yangu ina chumba cha ndani, na siku ile hakuna aliyeniingiza humo. Mume wangu alisimama kulia kwangu na shemeji yangu kushoto. Mimi nimeng'oa visiki vya shamba lile mpaka kucha zikatoka, na siku ya kunyang'anywa haki yangu hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuniuliza swali moja. Simwombi mtu huruma. Naomba Mzee Lemueli aulizwe kama aliufunga mlango."

Mzee Lemueli aliinuka. Kiapo alichokuja nacho hakikuwa na kazi tena, kwa kuwa alama haikubishaniwa. Uongo bado ulikuwepo, lakini angelazimika kuusema mbele ya mwanamke aliyekwisha kujidhuru kwa ukweli, kila mtu akitazama.

"Sikuufunga," alisema mwishowe. "Theluji ilikuwa inaanguka, nikataka kuwahi nyumbani. Niliandika kwamba nimemuuliza kwa sababu ndivyo hati zote zinavyoandikwa."

"Zote?" jaji aliuliza.

"Zote nilizoandika mimi. Sijawahi kumchukua mwanamke yeyote kando. Waume hawapendi."

Kule nyuma walikokaa wanawake, mmoja alisimama. Kisha mwingine. Wakasimama hivyo, wakimtazama, mpaka jaji alipotoa hukumu.

Yerusha alipata theluthi yake, yaani upande wa jiko katika nyumba, matumizi ya kisima, na ardhi ya matofaa hadi kijitoni. Sehemu iliyobaki ikawa ya Henoko, kwa kuwa marehemu aliiuza kwa hiari yake. Wakaishi ukuta kwa ukuta. Watu walipomwambia ashukuru, alijibu, "Mungu namshukuru. Henoko simshukuru."

Mzee Lemueli aliacha uhakimu. Alichukua daftari lake, akapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanawake walichokuwa wamekitia alama. Baadhi walipata nafasi ya kudai haki zao. Wengine alikuta wameshafariki, wamemalizia umri wao wakitumikishwa majikoni kwa watu, katika mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao. Alipomaliza alikwenda kwa Yerusha kuomba radhi.

"Lililo langu nimekusamehe," Yerusha alimwambia. "La wale siwezi kukusamehea."

Ndugu zangu waumini, wapo wanaodhani kwamba mcha Mungu ni yule asiyekasirika. Mja huyu alikasirika tangu msibani mpaka kaburini, na ulimi wake haukuteleza hata mara moja. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Nasi tutazame mirathi za nyumba zetu wenyewe, tujiulize ni mwanamke gani tuliyeandika kwamba ameridhia, na hatukumuuliza.