Punda Aliyekanwa Mbele ya Kadhi

Katika zama ambazo majini walikuwa hawajachoka na sisi, mji wa Shungubeni ulitawaliwa na Sultani Maawiya bin Dhahiri, mtu mpole aliyependa sana usingizi wa mchana, na mambo ya mji akayaachia waziri wake Jalili, na Jalili halali kabisa. Katika miaka saba waziri huyo alijijengea kasri la marijani lenye mabirika ya maji matamu na mikomamanga izaayo mwaka mzima, na hakuna aliyemwona fundi hata mmoja akinyanyua jiwe. Walichokijua watu ni kwamba waziri hupanda punda mweupe mwenye mnyororo wa fedha shingoni, na punda huyo huwang'ata.

Basi asubuhi moja sokoni punda yule alimkamata mkono wa kulia Zamzam binti Faki, mshona kofia za viua, akautafuna hadi vidole vitatu vikavunjika. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na kofia hizo ndizo zilizomlisha yeye na mama yake asiyeona. Mkono ule ukifa, nyumba nzima imekufa. Waziri akampelekea sinia la halua na ujumbe kwamba asahau yaliyopita. Zamzam akalirudisha sinia kama lilivyokuja, akaenda kwa kadhi kudai fidia ya mkono wake, na mtaa mzima ukasema msichana amepata wazimu.

Kadhi, Sheikh Ukasha, alikuwa mzee mzito wa masikio lakini hanunuliki. Sheria ilitaka mashahidi wawili wa kuthibitisha kuwa punda ni wa waziri, na jambo hilo mji mzima ulilijua, ila siku hiyo mji mzima ukashikwa na shughuli. Alikuja mmoja tu, Shekue mpiga zumari, ambaye punda yuleyule alimpasua mdomo mwaka uliopita na tangu hapo hajapuliza tena. Maneno yake yalitoka vipande vipande na watu wakacheka. Zamzam hakucheka, alimsikiliza mpaka neno la mwisho, na akampenda palepale, nami sioni sababu ya kulificha hilo.

Lakini shahidi mmoja hatoshi, na hapo kwa sheria ile kiapo humwangukia anayekana. Kadhi akaamuru punda aletwe barazani, akasema, "Ewe waziri, mnyama huyu ni wako? Ukisema ni wako, utalipa mkono wa binti huyu. Ukisema si wako, uape."

Jalili akanyoosha joho lake, akasema, "Wallahi, punda huyu si wangu. Sikummiliki jana wala simmiliki leo, na mimi na yeye hatudaiani kitu. Aende atakako."

Hapohapo mnyororo wa fedha ukakatika, na punda akasimama kwa miguu miwili, akarefuka hadi darini, akawa jini mwenye ndevu za rangi ya shaba, na kwa mbali kikasikika kishindo cha kasri la marijani likiporomoka.

Jini akasema, "Enyi waungwana, mtu huyu alinifunga kwa talasimu nimtumikie na kumjengea, mpaka siku atakayonikana kwa kiapo mbele ya hakimu, na sharti hilo yeye hakulijua. Nimeng'ata watu kumi na mmoja nikimtafuta mmoja wa kumshitaki, na wote walikula halua wakanyamaza. Wewe, bibi, ni wa kumi na mbili. Omba utakalo."

Shekue akainamisha kichwa, maana naye aliila. Zamzam, badala ya kushukuru, hasira zikampanda.

"Yaani uhuru wako umeutafuta kwa vidole vyangu?" akasema. "Mkono wangu uliukuta mzima, nami naudai mzima. Kisha uende nyumba kwa nyumba, kwa wote kumi na mmoja, upige hodi, uponye ulichokiharibu, na uombe radhi kwa kinywa hichohicho ulichong'atia."

Jini aliyejenga kasri akaona haya. Akaupuliza mkono na vidole vikanyooka, akamponya Shekue palepale na kumwomba radhi, kisha akaenda mtaani, amejikunja ili apite milangoni, na hakurudi kwao mpaka alipoitikiwa hodi ya mwisho.

Sultani, aliyeamshwa na kile kishindo, alitahayari kwa kulala kwake, akamfukuza Jalili atoke mjini kwa miguu, na mashamba yote ya waziri huyo akampa Zamzam. Zamzam akaolewa na Shekue, na bwana harusi akakataa kukaa kitini, akajipigia zumari mwenyewe siku tatu, na mama mtu akacheza.

Basi aliyeumizwa asione haya kudai haki yake, kwani huenda wengi wanamngoja yeye. Na tangu siku hiyo, mnyama akimng'ata mtu katika mji wa Shungubeni, mwenye mnyama huja mbio akisema ni wangu, ni wangu, kabla hata jeraha halijafungwa.