Ishirini Walioshuka Pwani

Hadithi hii hapa. Hukumu mtaitoa nyinyi.

Palikuwa na wanawake watatu, mashoga, wakulima wa mwani. Mashavu aliogelea kama aliyezaliwa majini. Subira akiuona uso mara moja hausahau, hata wa mtu anayeomba asahauliwe. Riziki alijua hesabu, kipaji kisichochezewa ngoma harusini.

Siku moja maji yalipokupwa, wanawake ishirini walishuka pwani. Yalipoanza kujaa wakapanda, na Bi Kito, mkuu wao, akawahesabu kwa mizigo.

"Wenye mwani kumi na wawili, wenye chaza tisa. Tumeshuka ishirini, tumepanda ishirini na mmoja. Bahari imetuzalia."

Wakacheka, wakashika njia.

Riziki hakucheka. Alikuwa na mwani kichwani na chaza mkononi, na Bi Kito alimgusa bega mara mbili. Mwenziwe mmoja naye kabeba vyote viwili.

"Bi Kito, sisi wawili umetuhesabu huku na huku. Toa wawili waliozidi. Tuko kumi na tisa."

Kicheko kikakatika. Nani basi?

Subira akapitisha macho, uso kwa uso. "Zuwena. Alikuwa kwenye kamba za mwani za mwisho, kule mkondoni."

Zuwena alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mashavu hakungoja. Alirudi mbio, akajifunga dumu tupu kiunoni, akajitosa. Alimkuta mguu umenasa kambani, maji shingoni. Akaikata kamba, akamvuta hadi nchi kavu.

"Aliyeniokoa ndiye atakayempa mwanangu jina," Zuwena akaapa.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba mashoga wote watatu wakaja, kila mmoja na jina lake.

"Mngekaa mkihesabu mpaka leo," Mashavu akasema. "Aliyekunywa maji ni mimi."

"Bahari ile pana, bibi we. Ungemtafuta wapi, kama si mimi kukwambia?" Subira akamjibu.

Riziki alikuja na jina la mama yake, aliyechukuliwa na maji hayohayo, siku ambayo hakuna aliyehesabu.

"Nyote wawili mlishajitwika," alisema taratibu, "mnakwenda zenu nyumbani."

Tangu hapo hawajatazamana tena. Nyuma ya pazia Zuwena anamnyonyesha mtoto asiye na jina. Kasikia yote, na kutoka anaogopa.

Haya, nyinyi mliosikia: ampe nani mtoto amtie jina? Na wale wawili watakaobaki, mtawaambia nini?